Jeki 140 kwa vigae 35

"Mama, mzee yuko wapi tuongee na yeye?"

Hilo ndilo neno la kwanza nililoambiwa nilipoingia katika lile duka la vifaa vya ujenzi kule Industrial Area. Hakuna karibu, hakuna habari ya asubuhi. Nilikuwa na karatasi yangu ya vipimo mkononi, nimeipiga rula kabisa, na viatu vimejaa vumbi la kutoka stejini. Nikamjibu kijana wa kaunta: "Mzee yuko Murang'a, chini ya mparachichi, mwaka wa sita huu." Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Akasema, "Si basi umpigie."

Najua wengi mnataka tu kuambiwa kama zile jeki za plastiki za kuinulia vigae vya baraza zinafaa. Zinafaa. Nitafika huko. Lakini nikianza na jeki kabla ya huyo kijana nitakuwa nimedanganya, kwa sababu kila nikikanyaga baraza langu namkumbuka yeye kwanza.

Nyumba yangu ni ya Buruburu, na nyuma tuliongeza jiko lenye paa la slabu. Mlango wa chumba cha juu unafungukia kwenye paa hilo. Marehemu alitaka tulifanye baraza, tukae pale jioni na chai yetu. Fundi tuliyempata wakati huo alibandika tailisi kwa simiti moja kwa moja juu ya slabu. Jua la Januari likazipasua, masika ikaja ikapita kwenye nyufa, maji yakawa yanadondoka kwenye sufuria zangu. Tukabandua zote, tukatandika karatasi ya lami upya, ile ya kuchomwa kwa moto wa gesi, na paa likabaki jeusi hivyo miaka na miaka. Kila fundi aliyekuja kulitazama alitaka ama kulitoboa ama kulimwagia simiti tena, na mimi nikisikia simiti nakumbuka zile sufuria.

Fundi wangu wa sasa, kijana mtaratibu kutoka Kayole, ndiye aliyenieleza habari za jeki. Kwa kweli zina jina lao la kitaalamu, lakini yeye anaziita jeki na mimi sioni kwa nini nimbishie, maana ndivyo zinavyofanya kazi: kitako kipana cha plastiki, shingo yenye nyuzi kama za skrubu unayoizungusha ikapanda au ikashuka, na kichwa bapa chenye vijino vinne. Kigae kinene, cha sentimita mbili, kinakalia vichwa hivyo kwa pembe zake. Vijino vinaacha mwanya wa milimita tatu hivi kati ya kigae na kigae. Mvua ikinyesha inapita kwenye mianya, inateremka hadi kwenye lami, inafuata mwinamo wa slabu mpaka kwenye bomba. Hakuna simiti, hakuna tundu. Ukitaka kuona kama bomba limeziba, unainua kigae, unatazama, unakirudisha.

Nilipoelezwa hivyo nilicheka peke yangu. Ni kitu chepesi kuelewa kiasi kwamba unajiuliza ulikuwa wapi.

Basi turudi dukani. Baraza langu ni la vigae vya sentimita 60 kwa 60, safu saba kwenda mbele, vitano kwenda upande. Jumla 35. Nikamwonyesha kijana karatasi. Akaitazama kama mtu anayetazama risiti ya mwingine, akabonyeza kikokotoo, akasema, "Kigae kina pembe nne. Nne mara thelathini na tano. Mia moja arobaini." Nikamwuliza, "Una hakika?" Akageukia mwenzake wakacheka kidogo, kisha akaniambia, "Mama, hii kazi tunaifanya kila siku. Wewe lipa, fundi ataelewa."

Na mimi, mwalimu mstaafu, niliyefundisha hesabu darasa la sita mpaka nywele zikabadilika rangi, nikalipa.

Hapo ndipo hasira yangu inaponichanganya, kwa sababu nusu yake ni ya kwangu mwenyewe. Swali lile ningemwekea mtoto wa darasa la nne angelipata. Kigae kimoja peke yake kinataka jeki nne, sawa. Lakini vigae viwili vikikaa bega kwa bega vinataka sita, si nane, maana vinashirikiana zile za katikati. Vinne vikikaa mraba vinataka tisa. Kwa hiyo safu saba zinataka mistari minane, vigae vitano vinataka jeki sita kila mstari, na nane mara sita ni 48. Basi! Hata ukiamua kuweka moja zaidi chini ya tumbo la kila kigae, kama wanavyofanya wengine kwa ajili ya mizigo mizito, ni 83. Mia moja arobaini haitoki popote isipokuwa kwa mtu ambaye hajawahi kupiga magoti akaweka hata moja.

Fundi alipofungua maboksi juu ya paa alinyamaza muda mrefu. Kisha akachora miraba kwa chaki kwenye lami, akaniita. "Mwalimu, hebu njoo uhesabu hapa." Nikahesabu. Nikakaa chini. Zilizozidi ni 92, na bei ya jeki moja ilikuwa sawa na pakiti mbili za unga. Kwa hiyo kule stoo nina pakiti 184 za unga ambazo hazipikiki.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili, na siku ya kwanza iliishia mapema. Slabu yangu inainama kama sentimita moja na nusu kila mita, kuelekea kwenye bomba, kwa hiyo jeki za mlangoni zilisimama kwenye sentimita tano na zile za mwisho zikafika kumi na moja, ili juu pawe sawasawa. Fundi alifunga uzi kutoka ukuta hadi ukuta, akawa anazungusha shingo moja moja na pimamaji mkononi, kimya kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Za kando ya ukuta alizivunja vijino kwa koleo ili kigae kikae bila kugongana na ukuta. Nilimletea chai mara tatu kwa sababu nilitaka kuangalia. Kigae kimoja cha aina hiyo kina uzito wa kilo 17 hivi, na kijana anakishusha kama anamlaza mtoto. Ningechukua slabu za saruji za unene wa sentimita tano, kila moja ingefika kilo 40 au zaidi, na sitaki hata kufikiria paa la jiko langu lingesema nini.

Nilikuwa tayari kusamehe. Nasema kweli. Jioni ile ya pili ningeandika maneno matamu matupu.

Asubuhi yake nikafungua mlango, nikakanyaga kigae cha kwanza, kikasema *kop*. Nikarudisha mguu. *Kop*. Kigae cha mlangoni, ambacho hata mgeni asiyetoka nje atakikanyaga, kilikuwa kinacheza. Fundi akaja, akakiinua, akakuta pembe moja imepungukiwa na unywele, akaizungusha robo. Ikatulia. Kesho yake, *kop* tena. Ndipo akaniuliza, "Mwalimu, zile raba ziko wapi?" Kumbe jeki hizi zilipaswa kuja na vipande vyembamba vya raba vya kuwekwa juu ya kichwa, vya kumeza vile vimilimita ambavyo skrubu haivimezi, na pia kuzima kelele. Katika maboksi yangu yote hakukuwa na raba hata moja.

Nikarudi Industrial Area. Nilikuwa na mambo mawili: nipewe raba, na wazichukue tena jeki 92, mpya, ndani ya maboksi yake. Yule kijana, ni yule yule, alinyoosha kidole ukutani. *Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.* Herufi nyekundu. Nikamwambia hakuna aliyekataa kusoma, lakini wewe ndiye uliyenihesabia. Akasema, "Mama, wewe ndiye uliyelipa." Nikamwambia Katiba yetu, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua, na kuna sheria ya kumlinda mnunuzi tangu 2012. Akasema, na hapa nanukuu kwa sababu nimeyakariri kama Baba Yetu: "Mambo ya Katiba mwambie mzee akuje tuongee."

Mzee tena!

Sitaeleza nilichosema baadaye. Nilikisema kwa Kikuyu na mlinzi wa mlangoni akainamisha kichwa.

Sasa, kuna jambo linaloniharibia hasira yangu, nami ni lazima niliseme. Nikiwa nimefika geti nikasikia, "Shosho! Shosho, ngoja." Ni binti wa keshia, amekimbia na mfuko mkononi. Kwanza nilikasirika zaidi kwa hilo la kuitwa shosho, yaani nyanya, maana sijafika huko. Lakini ndani ya mfuko kulikuwa na raba, nyingi kuliko nilizohitaji. Akasema zilikuwa zimewekwa kando tangu mzigo uliposhushwa na hakuna aliyejali kuzitia kwenye maboksi. Kisha akaniambia nisiziweke moja kwa moja, nipapase kwanza pembe zote nne, niweke pale tu panapoyumba. "Pole, shosho," akasema, akarudi mbio kabla hajaonekana.

Kigae cha mlangoni hakijasema *kop* tena.

Kwa hiyo nimpe nani nyota ngapi? Jeki nilikuwa nimezipa nne. Nilipokumbuka ukuta nikashusha hadi tatu. Kuna jambo hakuna aliyenigusia, si dukani, si popote: ukiinua sakafu, ukuta wa kukukinga unakuwa mfupi. Ukuta wangu wa ukingoni ulikuwa mita moja. Upande wa bomba nimeinua sentimita kumi na moja za jeki na mbili za kigae, kwa hiyo sasa ukuta ni sentimita 87. Niligundua siku mjukuu wangu alipotia kidevu juu yake akichungulia kwa jirani, jambo ambalo wiki iliyotangulia hakuliweza. Damu ilinikimbia. Nilimwita mtu wa kuchomelea siku hiyo hiyo, akaongeza reli ya chuma, na gharama hiyo haikuwa kwenye karatasi yangu ya rula. Je, hilo ni kosa la jeki? Hapana. Basi nazirudishia nyota yake. Lakini mtu anayekuuzia kitu cha kuinua sakafu ghorofani, na hata hakuulizi ukuta una kimo gani, huyo anauza nini?

Na kuna mengine madogo. Hereni ikianguka kwenye mwanya imekwenda, mpaka kigae kiinuliwe. Maua ya mjakaranda wa jirani yalijaa kwenye mianya Oktoba yote, mazuri kwa macho, matope kwa bomba. Vijana wa gesi nimewakataza kabisa kutupa mtungi wa kilo 13 pale, maana kigae kilichokalia pembe zake tu kina nafasi tupu chini ya tumbo, na wanaofanya kazi hizi wanasema pigo moja kali linatosha. Dada yangu wa Syokimau ameona picha, anataka la kwake uani, juu ya udongo. Fundi amemwambia wazi: udongo mweusi ule unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, jeki zitakuwa zinacheza ngoma, amwage zege kwanza. Amenuna. Si shauri yangu.

Vuli ilipokuja nilitoka na kiti. Mvua ilinyesha ile ya Nairobi ya saa kumi jioni, ya ghafla, na vigae vikawa vinalowa bila dimbwi hata moja. Mvua ilipopungua nilisikia maji yakitembea chini ya miguu yangu, polepole, yakielekea bombani. Nikashuka jikoni nikatazama dari. Kavu. Nikapandisha chai yangu juu, nikakaa tena. Dakika kumi nzima sikumfikiria yule kijana, kisha nikamfikiria.

Nyota tano kwa jeki, basi. Tano kwa fundi. Binti wa keshia angepata sita kama asingeniita shosho. Duka silitaji jina kwa sababu ya binti huyo, asije akafutwa kazi kwa ajili ya mfuko wa raba.

Zile 92: sita zimebeba vyungu viwili vya maua, mbili nimeweka akiba. Zilizobaki ni 84, mpya, za kimo cha chini na cha juu, na raba zake nitaongeza. Nauza kwa nusu ya bei niliyonunulia. Njoo na vipimo vya baraza lako, tutahesabu pamoja mezani hata kama utaondoka na 20 tu. Mzee mwache nyumbani.