Kopo la kunyonya unyevu: nimelijaribu masika mazima kwenye kasha la bibi

Assalamu alaikum jamaa. Leo niko nyumbani, Mji Mkongwe, na hili ni kasha la bibi, la mbao na njumu. Ndani mna kofia mbili za kiua za babu, na kanga za zamani. Hii angalieni: jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kanga kama hii ikioza, basi tena.

Haya, kopo ndilo hili. Juu pana punje nyeupe za kloridi ya kalsiamu, aina ya chumvi. Zinavuta unyevu wa hewani, zinayeyuka, maji yanadondokea huku chini. Nililitia mwezi wa Machi, mvua za masika zinaanza. Kufika Mei limejaa. Tazameni maji yote haya! Na nguo zimetoka safi, hakuna koga wala harufu ya vundo.

Ila kasha lifunge sawasawa. Kopo nililijaribu pia kwenye kabati lenye mlango uliopinda: lilijaa upesi na nguo zikabaki na unyevu, maana hewa ya bahari ilikuwa ikiingia kila saa.

Na hapa nisikilizeni sana. Mwaka jana kopo lilipinduka juu ya kanga ya mama. Maji yale hayakauki! Ile chumvi ikishaingia kwenye kitambaa inaendelea kuvuta unyevu, kanga ikawa chepechepe siku nzima juani. Niliisuuza kwa maji matupu mara tano ndipo ikakauka. Niliumia sana. Sasa kopo nalikalisha ndani ya bakuli pana, pembeni, nguo zisiliguse.

Mtaniuliza karafuu. Natia, tena za Pemba, lakini ndani ya kifuko, kwa sababu mafuta yake yanatia doa. Zinanukia vizuri, unyevu haziuondoi. Udi nao fukizeni siku ya kuvaa, moshi usilale na nguo mwaka mzima. Kanga ya kuweka msiitie wanga, wadudu wanaufuata huo, na ikauke kabisa kabla ya kukunjwa.

Mie nitalinunua tena, kwa kasha tu. Nguo za kutundika, subirini kaskazi, mzianike kivulini zipigwe na upepo.