Unga wa Critical Care: Miezi Minne ya Kumuuguza Sungura Nyumbani

Unga wa Critical Care wa kampuni ya Oxbow ya Marekani, uliotengenezwa kwa ajili ya wanyama walao majani ambao wameacha kula, nimeutumia kwa miezi minne katika kumuuguza sungura wetu Kashata. Nauhesabu kuwa kitu ambacho kila mwenye sungura mgonjwa anapaswa kuwa nacho nyumbani, baada ya nyasi kavu na namba ya simu ya daktari wa mifugo. Nasema hivyo nikiijua bei yake na taabu ya kuupata hapa Kenya, na nikiyajua pia mambo ambayo hauwezi kuyafanya.

Kashata ni jike wa rangi ya kahawia, mwenye umri wa miaka 5, na ugonjwa wake ni wa meno. Sungura ana meno 28, na yote hayaachi kukua maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na kinachoyapunguza ni kazi ya kutafuna nyasi kwa saa nyingi kila siku. Magego ya Kashata hayakutani sawasawa, kwa hiyo huota ncha kali zinazochoma ulimi na mashavu, naye akiumia huacha kula. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa maana tumbo la sungura halikuumbwa kukaa tupu: likikosa nyuzinyuzi hupunguza mwendo, gesi hujaa, maumivu huzidi, na hamu ndogo ya kula iliyokuwa imebaki nayo hutoweka. Mwili ukianza kujilisha kwa akiba yake, ini hujaa mafuta, na kutoka hapo kumrudisha mgonjwa ni kazi ngumu sana. Daktari wetu hufundisha kwamba sungura ambaye hajala kwa saa 12 apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kesho.

Ilikuwa mwezi Julai, katika ile baridi ya Kiambu inayoingia mpaka mifupani, tulipomkuta asubuhi amejikunyata kwenye kona ya kizimba, macho yamefumbwa nusu, anasaga meno kwa maumivu. Kwenye trei mlikuwa na punje chache za kinyesi, ndogo na ngumu kama pilipili manga, ilhali siku zote hutoa punje zinazolingana na njegere. Tulimpima kwenye mizani ya jikoni: kilo 1.6, naye alikuwa na kilo 2.1 alipokuwa mzima. Tulikuwa tumechelewa, nami bado naumia ninapoikumbuka mizani ile.

Daktari alianza kwa eksirei ili ajue kama utumbo umeziba, kwa sababu sungura hawezi kutapika, na kumlisha kwa nguvu mnyama ambaye tumbo limevimba na kukaza kwa kizuizi kunaweza kumuua. Alipoona njia iko wazi, alimtia maji chini ya ngozi, akampa dawa ya maumivu aina ya meloksikamu, na alipotulia akamlaza kwa nusukaputi na kuzisaga zile ncha. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Dada, mimi nimemtuliza maumivu, lakini tumbo lake litaamshwa na chakula. Kazi hiyo ni yako, usiku na mchana." Kisha akaniandikia jina la unga huu.

Ni unga wa rangi ya kijani iliyofifia, ambao kiungo chake kikuu ni nyasi kavu za aina ya timothi zilizosagwa, na zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake ni nyuzinyuzi. Umeongezewa vitamini C kwa ajili ya simbilisi, ambao miili yao haiwezi kujitengenezea. Tuliopata sisi ulikuwa wa ladha ya anisi, wenye harufu inayokaribia ile ya shamari, ingawa upo pia wa tufaha na ndizi. Huchanganywa kipimo kimoja cha unga kwa vipimo viwili vya maji ya vuguvugu, kisha huachwa kidogo unywe maji na kuvimba. Ukiwa tayari hufanana na uji mzito wa wimbi unaodondoka taratibu kutoka kwenye kijiko. Ukiacha muda mrefu huzidi kuganda, nami nilijifunza kuongeza matone ya maji kabla ya kuuvuta kwenye bomba la sindano.

Kwenye jambo hilo la bomba nitakaa kidogo, kwa kuwa ndilo lililotuhangaisha kuliko yote. Mabomba membamba ya duka la dawa huziba, maana nyuzinyuzi zake ni ndefu kiasi. Unasukuma, hakuna kinachotoka, unasukuma zaidi, kisha uji wote unamwagika kwa mkupuo mmoja kwenye kidevu na kifua cha mgonjwa ambaye tayari ameogopa. Tumia bomba la mililita 10 lenye mdomo mpana. Oxbow wana pia aina iliyosagwa laini zaidi kwa ajili ya mipira myembamba ya kulishia, lakini ule wa kawaida hauna tatizo lolote ukiwa na bomba linalofaa.

Kipimo ni mililita 50 za uji uliochanganywa kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa mara nne hadi sita. Kwa Kashata, wiki ile ya kwanza, hiyo ilikuwa mililita 80, nami niliigawa mara tano: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa tisa alasiri, saa mbili usiku na saa sita. Nilimfunga kwa leso miguu yote ikiwa ndani, nikamweka mezani akiwa wima huku mgongo wake ukiegemea kifua changu, kwa maana sungura halishwi akiwa chali hata mara moja, uji usije ukaingia mapafuni. Mdomo wa bomba huingizwa kwa upande, kwenye lile pengo lililopo kati ya meno ya mbele na magego, na husukumwa mililita moja tu. Kisha unangoja. Unatazama taya. Zikianza kuzunguka na masikio yakalegea, ujue anatafuna, na hapo ndipo unapoongeza. Siku ya kwanza aligeuza kichwa na kutema karibu nusu, na kila mlo ulichukua dakika 40. Siku ya tatu, mlo wa usiku wa manane, alinyoosha shingo mwenyewe na kulilamba lile bomba. Nilimwamsha binti yangu aje kuona.

Alfajiri ya siku ya nne tulikuta punje kubwa za kinyesi kwenye trei, nyingi, zenye nyuzinyuzi zinazoonekana kwa macho. Anayeuguza sungura huhesabu punje hizo kama mfanyabiashara anavyohesabu mauzo yake ya siku, na sikuona haya kumpigia daktari simu asubuhi ile kumpa idadi.

Watu wengi huuliza kama hakuna kitu cha bei nafuu cha kushika nafasi ya unga huu. Mama yangu, kwa huruma yake, alitaka tumpe uji wa wimbi wenye sukari kidogo, akiniambia, "Mwanangu, hata mgonjwa wa kibinadamu huanzia kwenye uji." Nilimweleza kwamba wanga na sukari huvuruga bakteria walio kwenye utumbo wa sungura, wale wanaochachusha nyuzinyuzi na kuzigeuza kuwa lishe, na gesi ikazidi palepale tunapotaka kuipunguza. Usiku mmoja wa kungoja mzigo tulimpa chakula chake cha kawaida cha punje tukiwa tumekisaga na kukiloweka, kama daktari alivyoelekeza, nacho kilisaidia. Lakini kilikwama kwenye bomba kila mara na hakikumpendeza. Kwa dharura ya siku moja kinafaa, si kwa uuguzi wa wiki nzima.

Paketi yetu ya gramu 141 ililetwa na shemeji yangu aliyekuwa akirudi kutoka Marekani, na ilitosha kama siku 5. Kwa gharama yake tungeweza kununua marobota kadhaa ya nyasi, na huo ni mzigo ambao si kila nyumba itaubeba. Kabla ya hapo nilikuwa nimeagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, akaniletea unga uliohamishiwa kwenye mfuko wa plastiki usio na lebo wala tarehe ya mwisho wa matumizi, nao ulinuka uvundo. Niliutupa. Usikubali unga huu nje ya paketi yake iliyofungwa, hata ukiapiwa kwamba ni uleule. Duka jingine, la dawa za mifugo, lilinishauri nimnyweshe antibayotiki ya jamii ya penisilini "kwa kinga", na bahati yangu ni kwamba niliuliza kwanza. Dawa hizo kwa kinywa huwaua bakteria wazuri wa tumbo la sungura, na zinaweza kumuua sungura mwenyewe.

Sasa nieleze mipaka ya unga wenyewe. Nyuzinyuzi zake zimesagwa, kwa hiyo hazimpi mgonjwa kazi ya kutafuna inayoyasaga meno. Kashata hakuhesabiwa kuwa amepona mpaka aliporudia nyasi, siku ya sita, na nyasi zenyewe tulizipata kwa mzee jirani anayefuga ng'ombe wa maziwa. Nilimwomba, "Mzee, nipe zile za katikati ya robota, za kijani," naye akafungua robota jipya la boma Rhodes, aina ya nyasi kavu za kulishia mifugo, mbele yangu, akachagua kwa mkono zilizonukia vizuri na zisizo na vumbi wala ukungu, akakataa malipo. Tangu siku ile tulipunguza uji kadiri alivyoongeza nyasi, pamoja na dania na majani ya karoti, huku tukimpima kila asubuhi kabla ya kula. Uzito ukisimama siku mbili, tulirudisha mlo mmoja wa bomba. Wakati wa usiku tulimwekea chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo, kwani sungura aliyekonda hupoteza joto upesi.

Uji uliobaki huwekwa kwenye friji na haupiti saa 24. Mimi huchanganya wa mlo mmoja au miwili tu, nisilazimike kuumwaga.

Tangu Julai, Kashata amesagwa magego mara mbili, na mara zote mbili alitoka kwenye nusukaputi hataki kula. Lakini mara hizo mbili tulianza uji jioni ileile, na siku ya pili alikuwa anatafuna nyasi. Leo asubuhi ana kilo 1.95. Jumanne ijayo atarudi kwa daktari kusagwa tena, na paketi moja ambayo haijafunguliwa iko kabatini, pembeni yake mabomba mawili yaliyooshwa.