Nililipia Piano, Nikanyimwa Kuipiga: Uzoefu Wangu na Leseni za Ala za Kompyuta

Nina studio ndogo ya kurekodi muziki hapa Mbeya, eneo la Soweto, na kazi yangu kubwa ni kwaya za makanisa kutoka mjini, Rungwe, Mbozi na mara chache Makambako. Ala nyingi zinazosikika katika nyimbo ninazorekodi hazipo studioni kwa umbo la mbao na nyuzi. Ni programu, zile ambazo sisi wa kazi hii tunaziita plagini, zinazofunguliwa ndani ya programu kuu ya kurekodia na kupigwa kwa kibodi. Utaratibu huu si mgeni duniani: kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitoa VST, mfumo unaoziwezesha plagini kufanya kazi ndani ya programu ya kurekodia, mwaka 1996, na toleo la mwaka 1999 ndilo lililofungua mlango kwa ala kamili. Ninaandika kuhusu plagini moja ya piano niliyoinunua kwa fedha halali na kuitumia kwa takriban miaka miwili. Leo siwezi kumshauri mtu wa nyanda hizi ainunue, ingawa sauti yake ni nzuri kuliko ya piano yoyote niliyowahi kuitumia kwenye kompyuta.

Nianze na uzuri huo, kwa sababu nisipousema nitakuwa nimeidhulumu. Waliotengeneza ala hii walirekodi piano kubwa ya ukumbini, noti moja baada ya nyingine, kila noti kwa nguvu tofauti za kidole, tangu mguso mwepesi hadi pigo zito, na ndiyo maana mafaili yake yanajaza makumi ya gigabaiti. Ukibonyeza noti ya chini kabisa na kuiacha ife yenyewe, unasikia nyuzi zikitetema na mbao ikizima taratibu, na ukiachia pedali unasikia hata vile vitambaa vya kuzima sauti vikirudi juu ya nyuzi. Kwa wimbo wa taratibu wa kwaya, wenye nafasi kubwa kati ya mistari, hakuna kinachoishinda. Kuipakua kulinichukua usiku nane, kwa bando za usiku, na sikuhesabu hiyo kuwa hasara.

Ningeweza kuipata bure. Mwenye kuifahamu kazi hii anajua kwamba nusu ya studio zetu zinatumia programu zilizochakachuliwa, zinazopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi. Mimi niliamua kulipa kwa sababu nami ni mtunzi, na siwezi kulalamika nyimbo zangu zinaponakiliwa bila ruhusa, huku nikitaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kisha nikakaa studioni na kumwibia mtunzi mwenzangu wa nchi nyingine jasho lake. Kwa hiyo sina ugomvi na kampuni kuilinda mali yake. Ugomvi wangu ni kwamba ulinzi wenyewe ulinibana mimi niliyelipa, na haukumgusa hata kidogo yule aliyechakachua, kwa kuwa kwake kufuli lote lilikuwa limeshaondolewa.

Kufuli lenyewe linafanya kazi hivi. Unapoisajili ala, programu husoma alama za kompyuta yako, kama vile namba za diski na za ubao mkuu, kisha huzifunga pamoja na leseni yako kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayofikiwa kwa mtandao. Leseni yangu iliruhusu kompyuta mbili tu, na kila baada ya siku 30 programu ililazimika kuwasiliana na seva ili kuthibitisha kwamba mimi bado ni mimi. Mwezi wa nne tangu ninunue, ubao mkuu wa kompyuta mpakato yangu uliungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, na fundi wa Mwanjelwa akanibadilishia. Kompyuta ilikuwa ileile, yenye diski ileile na mikwaruzo ileile kifunikoni, lakini kwa seva ilikuwa mashine mpya, na nafasi yangu ya pili ikawa imeliwa. Nilipoandika barua pepe nikiomba nafasi ya kwanza ifutwe, nilijibiwa baada ya siku tisa, na nikatakiwa kuifuta mimi mwenyewe kutoka kwenye ile kompyuta ya zamani, ambayo ubao wake ulikuwa umeungua.

Lililoniuma zaidi lilitokea Agosti, katika kijiji kimoja upande wa juu wa Tukuyu. Kwaya ilikuwa imeniita niwarekodie kanisani kwao, kwa sababu nauli ya kuwaleta waimbaji 34 Mbeya na kuwarudisha ingeizidi gharama ya kurekodi. Nilifika Jumamosi asubuhi na ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, nikapanga maikrofoni na kufungua kompyuta. Mahali pa piano palitokea kidirisha cha kijivu kilichosema kwamba leseni haijathibitishwa. Siku 30 zilikuwa zimetimia usiku uliopita. Nikaunganisha simu, nikatoka nje hadi ukingoni mwa shamba la chai ambako mtandao ulionekana kidogo, huku kijana mmoja wa sauti ya tatu akinishikia mwavuli juu ya kompyuta. Seva ilipopatikana hatimaye, haikuthibitisha leseni. Ilidai kwanza nipakue toleo jipya la programu ya kusimamia leseni, megabaiti zaidi ya 300, na bando langu likaisha njiani.

Niliporudi ndani, mwalimu wa kwaya, mzee aliyewafundisha wale waimbaji tangu wakiwa shule ya Jumapili, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, kumbe piano lenyewe umeliacha Mbeya?" Nikamjibu, "Hapana, mzee, lipo humu ndani, ila linataka ruhusa ya wenyewe." Akainamisha kichwa, akawapa waimbaji sauti ya kuanzia kwa kinywa chake, na tukarekodi nyimbo zote sita bila ala. Waliimba vizuri sana, lakini kwaya isiyo na ala ya kuishikilia hushuka kidogo kidogo, na katika wimbo wa tano walimaliza karibu nusu toni chini ya walipoanzia. Nilitumia wiki mbili studioni nikiipindisha piano ifuate sauti zao ubeti kwa ubeti, kazi ambayo sikumlipisha mtu.

Baada ya hapo kampuni ilinishauri ninunue kifaa chao cha USB, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kinachobeba leseni ili usihitaji mtandao. Nilikilipia na kukisubiri kifike kutoka nje. Kwa kweli kinafanya kazi, lakini kinamaliza tundu moja kati ya mawili ya kompyuta yangu, na kikipotea ndani ya kosta kati ya Uyole na Tukuyu, leseni yenyewe ndiyo imepotea. Nilikuwa nikikibeba kwenye mfuko wa shati, uliofungwa kwa pini. Hata Steinberg, walioishi na kifaa cha namna hiyo kwa miaka mingi, walikiacha walipotoa Cubase 12, programu yao ya kurekodia, mwaka 2022 na kuruhusu leseni moja kutumika katika kompyuta tatu.

Sasa ninatumia Pianoteq ya kampuni ya Modartt ya Ufaransa. Hii haina rekodi za piano. Huikokotoa sauti papo hapo kwa hesabu za mtikisiko wa nyuzi na ubao wa piano, na hivyo mzigo wake ni makumi ya megabaiti tu. Toleo la majaribio lina baadhi ya vibonye visivyotoa sauti na hujizima baada ya dakika 20, muda unaotosha mtu kuamua. Niliisajili mara moja tu, inaruhusu kompyuta tatu, na tangu siku ile haijaniuliza jambo lolote, iwe Rungwe au Mbozi. Kwa upande wa sauti, sitaficha: katika noti ndefu za peke yake inasikika nyembamba kidogo kuliko ile ya awali, na mwenye sikio atatambua. Programu yangu ya kurekodia ni Reaper, ambayo leseni yake nafuu ni dola 60 na huja kama faili dogo unaloweza kulihifadhi popote.

Ile ala ya kwanza ninaipa nyota tano kwa sauti na moja kwa leseni. Kifaa chake bado kimo kwenye droo ya meza, ndani ya bahasha yenye jina la kwaya ile, kwa sababu nyimbo zao sita zilijengwa juu ya piano hiyo, na siku watakapotaka kubadilisha ubeti mmoja, bila kifaa hicho sitaweza kuisikia piano yao tena.