Unga wa lishe kwa wazee: kopo moja, glasi saba

Kopo la gramu 400 linatoa glasi saba. Halifiki nane, na mwezi mzima usiliwazie kabisa. Naanza na hesabu kwa kuwa nilifundisha hesabu shule za msingi hapa Tanga mpaka nikastaafu, na kwa kuwa katika wote walionihimiza kununua unga huu hakuna hata mmoja aliyenitajia jambo hilo.

Nina miaka 73. Mapema mwaka huu niling'olewa magego manne, ufizi ukavimba, nikawa mtu wa uji na mchuzi. Suruali zikaanza kudai mkanda. Binti yangu yuko Dodoma; aliponiona kwenye simu ya video akauliza, "Baba, mashavu umeyaweka wapi?" Kesho yake pesa ikaingia, na ujumbe kwamba niende duka la dawa nikanunue maziwa ya wazee.

Maziwa si jina lake hasa. Soma nyuma ya kopo: maltodekstrini ya mahindi (aina ya wanga), sukari, mafuta ya mimea, protini ya maziwa na ya soya, kisha msururu wa vitamini na madini unaojaza nusu ya karatasi. Wengi mnalijua Ensure, la kampuni ya Abbott, ambalo lipo sokoni tangu mwaka 1973. Nililonunua mimi ni la kampuni nyingine, na jina lake litabaki kwangu, maana sitaki nionekane nalitangaza wala nalichafua. Kwenye rafu yanaelekeana: kopo la bati, picha ya mzee anayecheka na meno yote thelathini na mbili, ladha ya vanila.

Kijana wa dukani alikuwa na adabu. "Shikamoo babu." Nikamwitikia, nikamuuliza linakorogwaje. "Vijiko viwili tu babu, asubuhi na jioni, maji ya moto." Alisema hivyo bila hata kuligeuza kopo. Nyumbani nikavaa miwani. Maelezo yanasema vijiko sita vya kile kijiko cha plastiki kilichozikwa ndani ya unga, gramu 54 hivi, kwenye maji yasiyofika mililita 200, tena maji ya vuguvugu au ya baridi, siyo ya moto. Hapo unapata glasi yenye kalori kama 230 na protini gramu tisa hivi.

Sasa chukua vijiko viwili vya yule kijana. Ni theluthi ya glasi. Protini yake haifiki gramu tatu, yaani nusu yai. Jirani yangu mmoja anamlea mama mkwe wake, na yeye anabana zaidi: kijiko kimoja kila asubuhi, kopo linamfikisha mwezi na nusu. Anasifu jinsi linavyodumu. Kijiko kimoja ni kalori chini ya 40! Yule bibi anakunywa maji yenye harufu ya vanila, na familia nzima inalala ikiamini ameshiba virutubisho. Simlaumu jirani, bei inatisha. Lakini kama pesa ya vijiko sita haipo, ni heri pesa hiyo hiyo ipelekwe kwa muuza mayai. Nitarudi hapo.

Kukoroga. Ukimwaga unga kwanza kisha maji juu yake, utapata madonge ambayo hata ulimi wa mtoto hauyamalizi. Tia maji kwanza, unga uingie kidogo kidogo huku unakoroga, kisha uache utulie kidogo povu lishuke. Mimi natumia chupa ya plastiki yenye kifuniko, naitikisa. Maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa yanatosha kabisa. Kopo likishafunguliwa lisiwekwe kwenye friji. Lifunike vizuri mahali pakavu na ulimalize ndani ya wiki tatu. Kwa hewa ya huku pwani hilo ni la kuzingatia, maana unga unavuta unyevu na kuganda, na ukichota kwa kijiko chenye maji umeuharibu. Kilichokwishakorogwa kinywe saa ile ile, au kifunikwe kwenye friji na kisipite saa 24. Sisimizi nao wanaujua. Kopo langu lilikaa kwenye sahani yenye maji kama bakuli la sukari.

Ladha naipa 5 kwa 10. Ni tamu, utamu wa kubaki kooni, na nyuma yake kuna kitu kama harufu ya dukani ambacho sikuweza kukizoea kikiwa cha vuguvugu. Kikiwa baridi kinapanda hadi 7. Mke wangu alijaribu kukichanganya kwenye uji wa ulezi usiotiwa sukari, uji ukiwa umeshapoa kiasi, na hapo nikanywa mpaka nikakomba bakuli. Nilijaribu pia na kahawa yetu chungu ya kijiweni. Msijaribu.

Wakati wa kunywa una maana kuliko ladha. Glasi hii inashibisha. Ukiinywa saa moja asubuhi, mihogo ya kuchemsha huitaki tena, sasa umeongeza nini? Umebadilishana tu chakula kwa kopo. Mimi niliiweka saa nne, katikati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, na nyingine kabla ya kulala. Naimeza taratibu kwa nusu saa. Nikiigugumia tumbo linajaa gesi na kunguruma mpaka mke wangu anauliza kama kuna mgeni. Hapa niliridhika na jambo moja: kopo langu limeandikwa halina laktosi, ile sukari ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe yananiendesha tangu ujana, lakini haya yalikaa.

Je, limefanya kazi? Mizani ya zahanati ilisoma kilo 59 nilipoanza, na baada ya wiki kadhaa ikasoma 61. Miguu haitetemeki nikipanda ngazi za msikiti. Lakini nisiwadanganye: katika wiki hizo hizo ufizi ulipona, nikaanza kula changu wa kupaka na wali laini. Kilo mbili hizo siwezi kuzigawa, hizi za kopo na hizi za samaki. Ninachoweza kusema bila kusita ni kwamba zile siku za mwanzo, mdomo ukiwa hauwezi kutafuna hata kipande cha papai, glasi mbili za unga huu zilikuwa chakula cha kweli, na bila hizo ningeshuka zaidi.

Haya, pesa. Nililipa shilingi 52,000. Gawa kwa saba: glasi moja ni kama 7,400. Glasi mbili kwa siku, kopo linakwisha siku ya nne asubuhi. Kundi la wataalamu liitwalo PROT-AGE lilipendekeza mwaka 2013 kwamba mtu aliyepita miaka 65 apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake kila siku. Kwa kilo zangu 59 hiyo ni gramu 59 hadi 71. Glasi mbili zinanipa kumi na nane hivi, robo au zaidi kidogo. Zilizobaki lazima zitoke jikoni, utake usitake.

Na jikoni hesabu inapinduka. Trei ya mayai 30 mtaani kwetu ni 12,000. Yai moja lina protini gramu sita hivi, kwa hiyo trei ni gramu 180. Kopo zima la 52,000 lina gramu 64 au 65. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Wakisagwa vizuri na kutiwa kwenye mchuzi wa nazi, hata asiye na jino anawala. Karanga za kusaga kwenye uji, yai lililovurugwa likaachwa laini, maharage yaliyopondwa: hivyo vyote mke wangu alivifanya na hakuna aliyemchapishia picha kwenye bati. Kopo linashinda kwa vitamini zilizopimwa na kwa wepesi, kwamba mtu mgonjwa usiku wa manane hahitaji kuwasha jiko. Hilo nalo si dogo kwa mzee anayeishi peke yake.

Kuna ambao wasiliguse kabla ya kumuuliza daktari. Kijiweni nina rafiki mwenye kisukari, alitaka nimgawie, nikakataa. Kutokuwa na laktosi si kutokuwa na sukari. Maltodekstrini ikifika tumboni inageuka sukari upesi. Zipo aina zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa kisukari, kama Glucerna, lakini hata hizo apewe na anayejua vipimo vyake. Mwenye figo dhaifu naye protini hupimiwa. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari wake pia, kwa sababu unga huu una vitamini K, na vitamini hiyo inavutana na dawa ile. Na ikiwa mzee wenu anakonda pasipo sababu inayoonekana, apelekwe akapimwe kwanza. Mimi sababu yangu niliijua, ilikuwa magego.

Mkinunua, tazameni karatasi ya ndani inayoziba mdomo wa kopo kama haijaguswa, na tarehe ya mwisho. Duka moja lilinipa "punguzo zuri la wazee" kwa kopo lililobakiwa na mwezi mmoja. Kwa kopo moja la kunywa mara moja halina ubaya, kwa mtu wa kununua matatu akayaweka ni hasara. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yako TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo mwenye mashaka na bidhaa aanzie huko. Na ulizeni bei duka zaidi ya moja. Kopo lile lile la 52,000 nilikuja kulikuta kwa 46,000 mitaa miwili mbele, na huyo wa pili alipoulizwa linakorogwaje, aligeuza kopo akasoma.