TAHADHARI: Wanaouza eya klina "za kupunguza mafuta" kwa wenye pikapu, msitume hela

Wakuu habari za saivi. Hii iwafikie wenye Hilux, Ranger, Navara na pikapu zote za kazi kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa wanazunguka huku kwetu kuanzia Mafinga, Makambako mpaka Njombe, na kwenye simu wanatafuta wateja nchi nzima, wanauza eya klina (filta ya hewa ya injini) ya kitambaa cha pamba imepakwa oili nyekundu, wanadai ukiifunga tu matumizi ya mafuta yanashuka asilimia 30. Bei laki na themanini, nusu unatuma kwanza ndo waje kufunga. Mimi ni fundi, gari wakishazifunga hiyo kitu zikianza kusumbua zinaletwa gereji kwangu, kwahiyo naongelea vitu ninavyovifungua kwa mkono.

Kwanza muwajue wanavyocheza. Wakija wanatoa eya klina yako ya karatasi, imejaa vumbi la msimu mzima, wanaiweka juani mwanga haupiti, alafu wanaweka ya kwao mwanga unapita vizuri, "unaona bosi gari yako ilivyokuwa inakosa pumzi?" Asa jamani, panapopita mwanga hivo na vumbi si linapita hapo hapo? Kazi ya filta ni kuzuia vumbi, hiyo ya kwao ni kama kulala na chandarua chenye matundu ya kupitisha kidole alafu ukajisifia kwamba upepo unaingia.

Baada ya hapo kama gari yako ina ile sehemu ya dashibodi inayoonyesha wastani wa mafuta wanairiseti, injini imeshapata moto, mnapanda wote mnaenda kushuka mteremko. Injini za siku hizi ukiachia mguu ukiwa ndani ya gia nozo (zinazopuliza mafuta kwenye injini) zinakata mafuta kabisa, yani dashibodi itasoma vizuri hata ungefunga gunia pale kwenye eya klina. Mwenye gari anaona namba anashangaa anatoa hela.

Na kuna huu mchezo wa pili ambao ni mbaya zaidi kwa mabosi wenye gari nyingi. Jamaa anaongea na dereva kwanza, anampa cha juu. Dereva ambae kila safari alikuwa ananyonya lita kadhaa anaacha kunyonya kwa muda, bosi anapiga hesabu anaona kweli mafuta yamepungua, anaagiza za gari zote. Wakishalipwa kila kitu kinarudi palepale, ukiuliza unaambiwa eya klina inahitaji kuoshwa na dawa maalum, dawa nayo wanauza wao.

Sasa tuje kwenye ukweli wenyewe. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya serikali ya Marekani walichukua gari za petroli za injeksheni (mafuta yanapulizwa na nozo kwa kompyuta), Buick Lucerne, Dodge Charger na Toyota Camry, wakaziba eya klina makusudi wakapima, wakaweka safi wakapima tena. Matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa maana yoyote, kilichobadilika ni mchomoko tu, gari ikiwa na filta safi inachomoka vizuri zaidi. Iliyopata nafuu ya mafuta ni Dodge Charger ya zamani ya mwaka 1972, ya kabureta (inachanganya mafuta na hewa bila kompyuta), nayo ni kati ya asilimia 2 na 6. Kama kutoka filta iliyoziba kwenda filta safi hupati kitu, hiyo asilimia 30 ya kutoka filta safi ya karatasi kwenda ya pamba inatokea wapi? Na shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeshapima au kutathmini vifaa zaidi ya 100 vya hizi hadithi za kuokoa mafuta, hawajapata hata kimoja chenye nafuu ya maana.

Sababu yenyewe haina uchawi. Kwenye petroli kontrol boksi (kompyuta ya injini) inapima hewa iliyoingia ndo inapanga mafuta yake, na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta) ndo inabana hewa muda mwingi, filta ikibana kidogo wewe unaongeza mguu kidogo throto inafunguka, basi, mafuta ni yaleyale. Dizeli ndo kabisa, inavuta hewa nyingi kuliko inayohitaji, spidi unaipanga kwa kiasi cha mafuta na sio hewa. Eya klina ikiziba kupita kiasi utaona moshi mweusi na nguvu inaisha mlimani, hapo dizeli inaweza kula zaidi kweli, ila dawa yake ni kufunga mpya ya kawaida ya karatasi yenye saizi sahihi, ambayo mara nyingi haifiki hata nusu ya hiyo bei yao.

Hasara haiishii kwenye hela uliyotuma. Oili ikipakwa nyingi, na hawa wanapaka kama wanakaanga maandazi, inavutwa inaenda kuganda kwenye sensa ya hewa, ile yenye waya mwembamba unaopata moto. Sensa ikichafuka inasoma uongo, gari inakosa nguvu, taa ya injini inawaka, na nyingine zinaanza kula mafuta kuliko mwanzo. Wale wanaofungiwa eya klina ya umbo la koni bila boksi lake, wazi kabisa karibu na injini, wanavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi kwahiyo nguvu inapungua wakati wameuziwa nguvu.

Alafu vumbi. Hii ndo inaniuma kuliko yote maana tabo (turbo, feni inayosukuma hewa kwenye injini) hazirudishiki. Vumbi la barabara zetu lina mchanga mlaini sana, likipita linakula mapanga ya tabo, linakwangua slivu (kuta za ndani za silinda) na ringi za pistoni, baadae injini inaanza kula oili na kupumulia kwenye kijiti cha oili. Kama umeshafungiwa, fungua bomba linalotoka kwenye boksi la eya klina kwenda kwenye tabo, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, itoe leo leo. Ukitaka uhakika paka grisi nyembamba humo ndani, tembea siku kadhaa kwenye vumbi alafu angalia grisi imekuwaje.

Anaetaka kupima matumizi ya kweli asitegemee dashibodi. Jaza tenki mpaka pampu ikate, andika kilomita, piga kazi zako, rudi sheli ileile pampu ileile jaza mpaka ikate, gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivo mara kadhaa kwa mzigo unaofanana, na jaza ukiwepo mwenyewe (madereva mnisamehe). Ukiona gari inakula sana angalia upepo wa tairi, breki zinazoshika, nozo, na spidi ya dereva, huko ndo mafuta yanakopotelea mara nyingi.

Kingine, wakifunga wanaomba waondoke na eya klina yako ya zamani, eti wanaipunguzia bei. Usiwape, siku unataka kurudisha huna cha kurudishia, na ile garantii ya siku 30 wanayoandika kwenye risiti ukiidai wanakwambia tuma elfu ishirini ya usafiri ndo mzigo urudi na hela yako itoke. Ukituma na hiyo imeenda, namba inazimwa.

Kama umeshatuma nusu na hawajatokea, usiendelee kubembelezana nao. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako hapohapo waombe wazuie muamala, namba iliyokupiga iripoti TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kupitia 15040, nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) ukiwa na meseji zote hujafuta. Waliouziwa mzigo wenye nembo feki ya kampuni inayojulikana, Tume ya Ushindani, FCC, wanashughulika na bidhaa bandia, wapelekee na boksi lake.

Mwenye picha za risiti zao aweke hapa, ila zibeni majina na namba za wateja.