Siku sita ndani ya Bedford: uzoefu wangu wa likizo ya klabu ya malori ya kale, Jinja hadi Fort Portal

Baba yangu aliendesha lori la Bedford la kubeba pamba huko Busoga, mashariki mwa Uganda, katika miaka ya 1970, na mpaka leo nikisikia injini ya aina hiyo ikivuta mlima kwa gia ya pili huitambua kabla sijaliona lori lenyewe. Kwa hiyo nilipopata habari kwamba klabu moja ya wenye malori ya kale inachukua wageni katika safari yake ya Jinja, Masaka, Mbarara, Fort Portal na kurudi Kampala, nililipa siku hiyo hiyo. Sasa nimerudi, na ninawaandikia wanaofikiria kwenda, kwa sababu kabla ya kulipa nilikuwa na maswali mengi ambayo sikupata wa kunijibu.

Nililipa shilingi 1,800,000. Fedha hizo zilijumuisha malazi, kifungua kinywa, chakula cha jioni na nafasi ya kupanda lori; chakula cha mchana kila mtu alijinunulia njiani. Malori yalikuwa manne: Bedford TJ mbili, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958, Bedford TK moja na Mercedes-Benz 911 moja yenye pua fupi. Hakuna abiria anayeruhusiwa kukaa nyuma kwenye bodi, hata kama barabara ni tupu na hata kama ameomba kwa machozi. Wageni wawili huketi na dereva mbele, wengine hufuata katika basi dogo, na kila baada ya saa mbili hivi mnabadilishana. Wapo walionung'unika kwamba wamelipia lori wakapewa basi. Mimi naunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote, kwa kuwa nimekulia kando ya barabara kuu na najua lori lililojaza watu nyuma linapopinduka huacha nini.

Tuliondoka Jinja saa kumi na moja alfajiri ili tuipite Kampala kabla foleni hazijafunga barabara. Baba alikuwa akiuvuka mto Nile juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954; sisi tulipita kwenye daraja jipya la nyaya, lenye urefu wa mita 525, ambalo lilifunguliwa Oktoba 2018. Dereva wangu, mzee aliyekuwa na umri ambao baba angekuwa nao leo, alipunguza mwendo bila kuombwa, akaniambia, "Tazama vizuri, mwanangu. Baba yako hakuliona hili." Nilitazama mpaka tukafika ng'ambo ya pili.

Mwendo wa msafara ni kilomita 40 hadi 50 kwa saa, na anayeupanga ni lori lililo dhaifu kuliko yote, ambalo daima hutangulia. Ukiwa na haraka, likizo hii itakutesa. Kiti ni kigumu, springi zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo wa tani kadhaa na lori likiwa tupu hurusha, na joto la injini hupanda hadi magotini. Chukua mto wa kukalia na kitambaa cha kuziba vumbi. Mpaka Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, mgongo wangu ulikuwa umeshazoea, na kuanzia hapo niliona mashamba, masoko na nyuso za watu ambazo kwenye basi la Masaka hupita bila hata kuzigundua.

Siku ya pili ndiyo iliyonipa thamani ya fedha zangu. Kilomita chache kabla ya Lyantonde, Bedford tuliyopanda ilianza kukohoa, ikapoteza nguvu, ikazima. Fundi wa klabu alishuka kwenye basi na kisanduku chake cha spana, na badala ya kutufukuza alituita tusogee. Alifungua filta ya dizeli akatuonyesha uchafu mweusi uliokuwa umeiziba. Pampu ilikuwa inavuta upepo badala ya mafuta. Akaweka filta mpya, akalegeza skrubu ndogo iliyo juu yake ili upepo utoke, kisha akaanza kusukuma kwa mkono kile kijiti kidogo kilicho ubavuni mwa pampu. Kwanza lilitoka povu. Baadaye yakatoka mapovu makubwa, moja moja, yakipasuka kwenye ncha ya skrubu, na mwishowe dizeli safi ikatiririka bila povu lolote. Akaniambia niikaze skrubu mimi mwenyewe. Lori liliwaka kwa jaribio la pili, likatoa wingu la moshi mweupe, likatulia. Wakati huo trela mbili zilizokuwa zinatoka Mombasa kuelekea Kigali zilikuwa zimesimama nyuma yetu. Madereva walishuka, wakamwamkia dereva wetu, "Shikamoo Mzee," wakauliza kama tunahitaji mnyororo. Walipoambiwa lori limepona hawakuondoka mara moja, wakalizunguka wakigusa bodi yake ya mbao, na mmoja akasema babake alianzia kazi kwenye lori kama hilo, akiwa tanboi, yaani msaidizi wa dereva.

Jioni ile Mbarara, katika uwanja mpana uliofungwa geti, wageni tuliruhusiwa kujaribu kuendesha, kila mmoja kwa dakika kumi. Gia za lori lile hazikubali mpaka ukanyage klachi mara mbili, mara ya kwanza kuitoa gia na ya pili kuiingiza, na unaposhusha gia ni lazima katikati hapo uongeze mafuta kidogo ili injini izunguke upesi. Nilikwaruza mara tano. Ya sita iliingia kimya.

Lawama yangu ni juu ya siku ya tatu, na ninaiweka wazi kwa sababu inagusa usalama. Ratiba ilitaka twende Mbarara hadi Fort Portal kwa siku moja, zaidi ya kilomita 220, tena kwa kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa pale Kichwamba. Tulichelewa kuondoka, tukachelewa tena kwenye chakula cha mchana, na tulipoanza kuteremka ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Dereva wangu aliingiza gia ya pili kileleni kabisa na hakuigusa tena. "Mlima unauteremka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia," alisema, "breki ni ya kusaidia tu." Dereva wa TK, aliyekuwa nyuma yetu, alitegemea breki zaidi, na katikati ya mteremko harufu ya kuungua ikatufikia ndani ya kabini. Tulisimama wote, mawe yakawekwa kwenye magurudumu, tukangoja dramu za breki zipoe zenyewe, maana ukizimwagia maji zikiwa na moto zinaweza kupasuka. Hapo tulipoteza karibu saa nzima. Kwa sababu hiyo tulivuka daraja la Katunguru, juu ya mfereji wa Kazinga, kukiwa giza, tukapita ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth na taa hafifu za miaka ya sitini katika barabara ambayo tembo na viboko huivuka usiku. Mstari wa ikweta ulio upande ule hatukuuona kabisa. Fort Portal tulifika saa tano kasorobo usiku, wengine wakiwa wamechoka hata kula hawawezi.

Hakuna aliyeumia, na madereva walifanya kazi yao kwa utulivu mkubwa. Hata hivyo, msafara wa malori ya umri ule haupaswi kukutwa na giza ndani ya hifadhi. Dawa ni rahisi: kulala Ishaka, mji ulio kabla ya mteremko, kisha kuteremka asubuhi breki zikiwa baridi na bonde lote likionekana, na usiku unaofuata kulala Fort Portal bila haraka.

Siku ya nne ilikuwa ya kupumzika, na wengi tuliitumia kulala na kutembea kwenye mashamba ya chai. Siku mbili za mwisho, kupitia Mubende na Mityana, barabara ilikuwa nzuri na malori hayakutusumbua. Jambo moja kwa wanawake wenzangu: vituo vya choo vilipangwa vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mama mmoja wa klabu husafiri mbele na gari dogo kuvikagua.

Tulipoagana Kampala niliwaeleza viongozi yote niliyoyaandika hapa kuhusu Kichwamba. Walinisikiliza, wakatoa daftari la ratiba, na mwenyekiti akaandika "Ishaka" kwa kalamu kwenye siku ya tatu ya safari ijayo. Nikatoa malipo ya awali, nikaomba nafasi kwenye Bedford ile ile, na dereva yule yule.