Saadani na familia kutokea Dodoma: boti ya Wami tamu, wakala mh

Jamani tumerudi Saadani wiki iliyopita, naandika maana kabla ya kwenda nilitafuta mtu wa Dodoma aliyeenda na watoto wadogo nikakosa. Tulikuwa sita, mi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe wangu wa Kongwa ambaye bahari alikuwa anaisikia redioni tu.

Tulilipia wakala mmoja hapa mjini, jina naliacha. Kilichonimaliza ni picha yake ya status, tembo kasimama ufukweni mawimbi yanampiga miguu, na kwa kuwa Saadani ndio hifadhi ya taifa pekee Tanzania Bara inayopakana na Bahari ya Hindi nikaona mbona inawezekana. Akasema gari ni la juu kabisa, nikaongeza elfu hamsini. Saa kumi na moja alfajiri ikaja Noah.

Safari ni ndefu, msidanganyike. Morogoro, Chalinze, unavuka mto Wami unakata kulia Mandera, alafu vumbi mpaka getini, tukafika saa tisa mchana watoto wamechoka hoi. Getini hakuna kupokea cash, ni kadi au control number, na NIDA msisahau maana bei ya mzawa na ya mgeni ni mbingu na ardhi.

Jioni tukazunguka. Twiga wengi, ngiri, kongoni, kuro na lile duara lake jeupe makalioni kama kakalia beseni la unga. Tulipokuta nyati mama akauliza, "Ng'ombe wa nani hawa wamenona hivi na mchungaji hayupo?" Dereva alicheka hadi akaingiza Noah kwenye udongo mweusi uliokuwa umeloa mvua, tukakaa pale karibu saa nzima tunapigana na mbung'o mpaka wageni wenye Land Cruiser wakatuvuta. Na msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda hizo rangi, mi nilikuwa na jinsi nikakoma.

Sa njoo kwenye boti. Hapa hela yangu ilirudi yote. Asubuhi mto Wami umetulia, nahodha anazima injini boti inaelea yenyewe, mara pembeni masikio mawili, manne, kundi zima la viboko wanapumua kama tairi linalotolewa upepo na mwanangu wa mwisho kaning'ang'ania shingo. Mamba wamelala kwenye tope midomo wazi, tukaambiwa sio njaa, wanapoza joto. Juu ya miti mbega, furukombe analia, na kadiri mnavyosogea baharini miti inabadilika inakuwa mikoko mitupu. Mama mkwe kimya, ambavyo sio kawaida yake, mpaka maji yalipofunguka mbele ndo akauliza ng'ambo iko wapi.

Kwa hiyo kama una watoto anza na boti, gari baadae, na lala siku mbili, sisi moja haikutosha. Kiangazi ni bora zaidi kwa barabara.

Tembo tuliona kinyesi chake tu, simba hata unyayo hatukuona. Wakala nilipompigia akanijibu wanyama ni wa porini dada sio wa kufugwa, hapo namuelewa kabisa, ila Noah sio ya porini, na elfu hamsini yangu mpaka leo anasema "kesho".